Miaka mitatu na nusu ya kula kwa karata

Kuanzia Septemba 2016 hadi Machi 2020 chakula changu, kodi ya chumba changu cha East Ham na nauli yangu vilitoka kwenye meza ya poka, katika kasino moja ya London. Naieleza kazi hiyo kama nilivyoifanya, kwa sababu vijana wa nyumbani wananipigia simu wakidhani nilikuwa naogelea katika pesa, na wazee wameshanihesabu kuwa mtu aliyepotea.

Karata nilijifunzia barazani Ngamiani, Tanga, kwa arubastini, bila hata shilingi mezani; ukifungwa unainuka, unampisha mwenzio. Poka nilifundishwa na Mghana mmoja tuliyekuwa tukisafisha naye wodi za hospitali. Kila mchezaji anapewa karata 2 asizozionyesha, kisha zinafunuliwa 5 katikati ya meza, za wote: kwanza 3 kwa mpigo, halafu 1, halafu ya mwisho. Kabla ya kufunua na baada ya kila kufunua, watu wanaweka pesa, wanafuata, wanapandisha au wanatupa. Unaweza kushinda kwa kuwa na karata bora. Unaweza pia kushinda kwa kumpiga mwenzio mkwara mpaka akatupa karata zilizozidi zako.

Kilichonivuta ni kwamba huchezi na kasino. Kwenye ruleti faida ya kasino imo ndani ya mchezo wenyewe, na ukikesha miaka kumi itakumaliza. Kwenye poka unacheza na watu wenzako, kasino inakata chake katika mafungu ya pesa yanayowekwa mezani, na kilichobaki kinamwendea anayekosea kidogo kuliko wengine. Ukiwazidi wenzako wanane mezani, na kuwazidi huko kukawa kukubwa kuliko makato, unakula. Usipowazidi, makato peke yake yanatosha kukuzika.

Kuwazidi kwenyewe hakukuwa werevu wa ajabu. Kulikuwa kutupa karata. Katika meza halisi, yenye mtu anayegawa, inachezwa karibu mikono 30 kwa saa, yaani karata zinagawiwa upya mara 30, nami nilikuwa natupa zaidi ya 20. Kupewa ree mbili, karata bora kuliko zote za kuanzia, hutokea mara 1 katika 221. Kwa mwendo ule ni zaidi ya saa 7 za kungoja, na zikija pengine wote wanatupa, unaambulia pauni 3. Wenzangu walikuja pale baada ya kazi kutafuta raha, na mtu aliyekuja kutafuta raha hapendi kutupa. Mapato yangu yote yalitoka hapo.

Nilianza na mtaji wa pauni 6,000, niliouweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Meza niliyochagua ilikuwa ya pauni 1 na 2, yaani dau dogo na dau kubwa ambayo wachezaji wawili kwa zamu hulazimika kuweka kabla ya kuona karata, ambako unakaa na pauni 200, kwa hiyo mtaji wangu ulikuwa wa kukaa mara 30. Mbali na hizo nilikuwa na pauni 3,000 za kodi na chakula, benki nyingine kabisa. Kutenganisha huko sikufundishwa na mtu wa kasino. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Sahare, na nilikua nikimwona akirudi mtupu siku tano mfululizo za maji mafu, ndani hakuna unga, na nyavu zinaning'inia ukutani. Hakuuza hata kipande. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukatili.

Sasa jambo la Mama. Mama yangu ni mtu wa swala tano, na kamari kwake ni haramu, hakuna mjadala. Sikuthubutu kumwambia, lakini pia sikutaka kumlisha kitu ambacho angekitapika angekijua. Kwa hiyo sikuiacha kazi ya usafi yote. Nilibaki na asubuhi tatu kwa wiki, saa 11 alfajiri mpaka saa 3, kwa mshahara wa chini wa kisheria ambao mwaka 2016 ulikuwa pauni 7.20 kwa saa. Kila senti ya kazi hiyo ilikuwa ya Tanga: bati za nyumba, ada ya mdogo wangu, dawa. Nilikuwa natoka kasino saa 10 usiku, napanda basi la usiku, nabadili nguo, nashika mopu. Mshahara ule nilikuwa na daftari lake la pekee, kila nilichopokea na kila nilichotuma, na tarehe.

Daftari la pili lilikuwa la poka. Saa niliyokaa, saa niliyoinuka, nilichoanza nacho, nilichoondoka nacho, na mkono mmoja au miwili ambayo sikuwa na uhakika nayo. Mwaka 2017 nilicheza saa 1,380 nikapata pauni 19,600, karibu pauni 14 kwa saa. Mwaka 2018, saa 1,290, pauni 11,000. Mwaka 2019, saa 1,340, pauni 17,100. Mtu yule yule, meza ile ile. Ondoa humo likizo ambazo halipwi mtu, siku za homa ambazo hazilipwi, na pensheni ambayo haipo. Kodi ya mapato sikulipa, kwa kuwa Uingereza ushindi wa kamari hautozwi. Mahakama ilishaamua mwaka 1925 kwamba kuweka dau si biashara. Nililiona hilo kuwa baraka. Ubaya wake nilikuja kuuona baadaye.

Mwaka 2018 ndio ninaoukumbuka kwa mwili. Kuanzia Februari nilipoteza wiki saba. Kupoteza kwenyewe nilikuwa nimejiandaa nako. Nilijua kwamba ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda kama mara 82 katika 100, maana yake mara 18 zinashindwa, na hizo 18 hazina ratiba. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni kutojua. Fundi seremala akikosea, mlango haufungi, anaona. Mimi nikicheza vizuri nilikuwa napoteza, nikicheza vibaya napoteza, na meza hainiambii ni lipi kati ya hayo mawili. Nilikuwa najilaza saa 4 asubuhi nikirudia mkono mmoja kichwani mpaka adhuhuri. Nikaanza kuona kwamba kila aliyenipandishia ananipiga mkwara. Nikaanza kufuata karata ambazo mwaka uliotangulia ningezitupa bila kuziangalia mara ya pili.

Wiki ya tano nilipandwa na mori nikahamia meza ya pauni 2 na 5, ili nirudishe haraka. Kila mcheza kamari aliyefilisika anaijua hatua hiyo. Usiku wa pili pale nikakutana na mkono ulioniharibia zaidi kuliko yote, na mkono huo nilishinda.

Nilikuwa na 9 na 8 za kopa. Karata nne zimeshafunuliwa, mbili kati yake kopa, kwa hiyo ilinibakia kopa moja tu kutimiza tano za aina moja, mkono ambao ungeshinda. Katikati mna pauni 900. Mwenzangu akaweka 700. Hesabu yake ni nyepesi: nalipa 700 ili nigombee fungu la 2,300, basi lazima nishinde angalau mara 30 katika 100 ndipo iwe na maana. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 nisizoziona, ambazo hazifiki hata 20 katika 100. Nilikuwa najua. Ningeweza kuiandika hesabu hiyo kwenye kiganja. Nikalipa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutupa, na kopa ikaja.

Nilirudi nyumbani na faida ya pauni 1,600 nikaandika daftarini kiasi kile tu. Mkono sikuuandika. Ndio uwongo pekee uliomo katika daftari lile. Wiki mbili zilizofuata nilicheza kama mtu aliyegundua kwamba hesabu si lazima, zikaondoka pauni 3,900, pamoja na zile 1,600.

Aliyenishika mkono alikuwa mzee mmoja mwenye asili ya Cyprus, amecheza London tangu ujana wake, anakaa kiti cha ukutani kila siku. Aliniona naingia saa 2 usiku, akainuka, akanitoa nje kwenye baridi. Akaniuliza, "Mara ya mwisho kula ukiwa umekaa mezani nyumbani kwako ni lini?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Nenda. Rudi baada ya siku 14, na ukirudi uje na ile mikono unayoionea haya."

Nilikaa siku 14. Kwenda kazini asubuhi zangu tatu, kulala usiku, kupika. Nikatoa daftari nikaandika mkono ule wa kopa, na mingine kumi na mmoja niliyoificha hata kichwani. Niliporudi kwa mzee tulikaa mkahawani saa mbili, na kitu alichonifundisha siku ile ndicho kilichonivusha mpaka mwisho: kila mkono uandikwe mara mbili, safu moja ya pesa, safu nyingine ya uamuzi, na safu ya uamuzi ijazwe kabla hujajua karata ya mwisho imekuja gani. Kwa kuwa mezani huwezi kuandika hivyo, nilijizoeza kujisemea moyoni, "hapa nimekosea," au "hapa sawa," chipu, vile vidonge vya pesa ya kasino, zikiwa bado ziko katikati. Baada ya miezi miwili nikawa naweza kupoteza pauni 400 na kulala. Nikaweka na sheria nyingine: nikipoteza pesa ya kukaa mara mbili usiku mmoja, yaani pauni 400, nainuka, hata meza iwe imejaa walevi. Sheria hiyo ilinigharimu pesa mara nyingi, sina shaka. Sikuivunja.

Machi 2020 kasino zote zikafungwa kwa ajili ya korona. Nikajaribu poka ya intaneti. Ni mchezo uleule na si mchezo uleule. Unafungua meza nne, unacheza mikono karibu 280 kwa saa, na upande wa pili wamekaa vijana waliosoma kwa programu zinazokokotoa jibu la kila hali. Nilihamia meza za senti 25 na 50 za dola na nikawa nashinda, kwa kipimo cha wachezaji, madau makubwa mawili, yaani dola 1, kwa kila mikono 100. Inasikika vizuri mpaka uzidishe: haifiki dola 3 kwa saa, kwa macho mekundu. Serikali ilipotangaza msaada kwa waliojiajiri, haukunihusu. Ikiwa mapato yangu hayakuwa biashara wakati wa kutoza kodi, yatakuwaje biashara wakati wa kusaidiwa. Hospitali, kwa upande wake, ilikuwa inatafuta wasafishaji usiku na mchana. Aprili nikaomba saa zote walizonazo.

Ni katika mwezi huo Mama aliniuliza. Nilimpigia, shikamoo, marahaba, na kama ilivyo kawaida yake akaingia moja kwa moja. "Mwanangu, unasema sasa wanakupa kazi siku zote. Kwani zamani ulikuwa unafanya siku ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Na siku nyingine ulikuwa unakula nini?"

Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia jogoo wa jirani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na hizi bati juu ya kichwa changu?"

Nikamwomba asubiri nikalete daftari. Nilimsomea lote: tarehe, mshahara niliopokea, kiasi nilichotuma. Bati, Oktoba 2016 na Januari 2017. Ada ya mdogo wangu, mihula yote. Choo. Sikukuu. Alikuwa ananisimamisha kila mahali, "rudia hapo," nami narudia. Ilipofika Juni 2019 nikasita, kwa sababu pale palikuwa na alama ya kalamu nyekundu. Ilikuwa pauni 240, za kumtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Mwezi ule mshahara haukutosha, daktari alishapanga siku, nami nilikuwa na pesa mfukoni iliyotoka mezani usiku uleule. Niliituma. Ningeweza kuiruka nikisoma, naye asingejua kamwe.

Nikaisoma.

"Shilingi ngapi hiyo?"

"Kama laki saba, Mama."

"Laki saba utanitumia," akasema, "katika hizo za mopu. Kidogo kidogo, usijinyime. Zikija nitazitoa kwa wenye shida, maana zile hazikuwa zako wala zangu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ilinichukua miezi mitano. Kasino zilifunguliwa Agosti 15 mwaka ule, zikafungwa tena Novemba, zikafunguliwa Mei 2021, nami nilikwenda mara chache, nikakuta mzee wa kiti cha ukutani hayupo na meza ya pauni 1 na 2 imejaa vijana wa programu. Nilikwishaajiriwa hospitali kwa mkataba wa kudumu. Mtaji, uliokuwa umebaki pauni 7,300, niliutoa benki nikaulipia kozi na madeni.

Fungu la mwisho la Mama nililituma Septemba 2020, shilingi laki moja na arobaini. Alinipigia mwenyewe jioni ile, jambo ambalo halifanyi kwa kuogopa kumaliza salio.

"Zimefika," akasema. "Nimeshazipeleka. Sasa hili jicho ni langu."