Siku moja na Bus error: /dev/shm inapojaa

Saa 2:00 asubuhi. Logi kwanza. Kazi ya kufundisha modeli kwa PyTorch iliyowashwa jana jioni ilikufa dakika ya kwanza tu, na GPU imelala usiku kucha: `DataLoader worker is killed by signal: Bus error`. Kodi haiguswi bado. Ndani ya kontena la Docker, `df -h /dev/shm` (nafasi ya RAM ambamo worker, yaani michakato ya kuandaa data, hupitishia bechi, yaani makundi ya picha) inaonyesha 64M, kiwango anachokupa Docker usipomwambia lolote, hata seva iwe na RAM ya kumwaga.

Saa 3:00. Hesabu. Picha 64 za 224 × 224, rangi tatu, float32 (baiti 4 kwa kila namba): bechi moja ni karibu MiB 37. Kwa `num_workers=8` (worker wanane) na `prefetch_factor` 2 (bechi mbili zinazoandaliwa mapema kwa kila mmoja), bechi 16 hukaa foleni, yaani MiB 588. Faili la tmpfs (mfumo wa mafaili ulio kwenye RAM, kama /dev/shm) linaweza kupewa ukubwa wote bila nafasi kutengwa. Nafasi hutafutwa data inapoandikwa. Ikikosekana, keneli inatuma SIGBUS (ndiyo ile Bus error) na mchakato unakufa palepale. `try/except` ndani yake haioni kitu.

Saa 4:30. Kontena linaundwa upya kwa `--shm-size=2g`; `docker restart` peke yake haibadilishi kitu. `--ipc=host` (kontena kutumia /dev/shm ya seva yenyewe) nayo inatibu, ila kwenye seva ya watu wengi siipendi. Kwa Kubernetes, weka `emptyDir` (volyumu ya muda) yenye `medium: Memory` kwenye /dev/shm, ukijua kinachoandikwa humo kinahesabiwa kwenye kikomo cha RAM cha kontena. Huna ruhusa ya kubadilisha chochote? Tuma picha zikiwa uint8 (baiti 1 kwa kila namba), uzigeuze float kwenye GPU: mzigo unashuka hadi robo.

Saa 8:00 mchana. Kazi nyingine, kosa jingine: `received 0 items of ancdata`. Safari hii /dev/shm ina nafasi tele. Kilichokwisha ni idadi ya faili zinazoruhusiwa kufunguliwa. `ulimit -n` inasema 1024, na kodi inarundika lebo za kila bechi kwenye orodha, kila tensa (safu ya namba) ikishikilia faili lake. Dawa ni `lebo.clone()` kabla ya `append`. Wengi hukimbilia `set_sharing_strategy('file_system')`, inayotumia majina ya mafaili badala ya kuyaweka wazi. Kosa linatoweka kweli, lakini michakato ikiuawa vibaya, mafaili ya `torch_` yanaweza kubaki yamejaa /dev/shm.

Saa 10:00. `watch -n1 df -h /dev/shm`. Matumizi yapande kisha yatulie. Yakizidi kupanda, kuna tensa zimeshikiliwa mahali.

Saa 11:00. Ombi jipya: bechi iwe 256. Hiyo ni GiB 2.3, kwa hiyo kontena linaundwa tena, `--shm-size=4g`.