Watoto waliopotea kwenye kompyuta

Leo nimekaa na rejista ya chanjo tangu asubuhi, chai imepoa mezani. Kliniki yetu iko Mukuru, Nairobi. Takwimu za vituo vya afya Kenya huingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, tangu 2011, na kila mwezi ile grafu hutuaibisha: watoto wanapata penta (chanjo moja ya kukinga magonjwa matano) ya kwanza wakiwa na wiki 6, lakini ya tatu, ya wiki 14, wengi hawaonekani.

Nikaachana na jumla, nikapanga tarehe za kila mtoto. Wengi walipotea mwisho wa mwezi. Nikampigia mama mmoja.

"Daktari, si nilihama? Kodi ilipanda. Mtoto alidungwa huku Githurai."

Akanitumia picha ya kijitabu; muhuri upo, tarehe ipo. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu namba haikushika: karani (mimi mwenyewe, haki) aliandika 1 ikafanana na 7.

Kumbe ile jumla inahesabu sindano, haimhesabu mtoto. Akihama, kwetu ni mtoro, kule ni mgeni aliyeanzia penta ya tatu.

Zimebaki simu 11. Na kredo ni yangu!