Nilivyotoa taarifa za wanachama 1,340 kutoka faili moja la XML

Saccos (chama cha akiba na mikopo) ninayoizungumzia ni ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Mimi si mwajiriwa wao. Ni "kijana wa kompyuta", kama anavyoniita mama mhazini: ninaitwa printa ikigoma, na ninalipwa baada ya kukumbusha mara tatu. Januari 2024 alinipigia nikiwa kwenye daladala ya Tabata, nimebanwa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka kila mwanachama apate karatasi yake mkononi: hisa, akiba, mkopo, na miamala yote ya mwaka jana. Si unabonyeza tu?"

Miaka ya nyuma karani alizitengeneza kwa Word, ananakili na kubandika, mwanachama mmoja baada ya mwingine, na kila mwaka kulikuwa na mzee aliyesimama mkutanoni kuuliza akiba yake imekwenda wapi. Safari hii mfumo wao ulikuwa na uwezo wa kutoa data zote kwenye faili moja la XML, yaani maandishi ambayo kila data imefungwa ndani ya alama zenye jina lake. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Faili lenyewe lilikuwa na mpangilio mzuri. Mzizi unaitwa taarifa, chini yake wanachama 1,340, na ndani ya kila mwanachama kuna jina, hisa, akiba, mkopo, halafu tawi la miamala lenye muamala mmoja au mia. Nilichagua JasperReports, programu ya kutengenezea ripoti, kwa sababu ni ya bure na nilishawahi kuitumia kutengenezea ankara. Unachora kiolezo kwenye Jaspersoft Studio (iReport, ambayo wengi wetu tulijifunzia, iliachwa 2015), unakiambia data zinatoka wapi, kinakutolea PDF. Kiolezo kimegawanywa katika bendi, na hapa sisemi bendi za muziki wa dansi: kuna ya kichwa cha ukurasa, ya mguu wa ukurasa, na ile ya katikati inayorudiwa kwa kila rekodi. Hiyo ya katikati ndiyo yenye kazi. Njia ya XPath (anwani ya kufikia kitu ndani ya XML) unayoandika kwenye kiolezo ndiyo inayoamua rekodi ni kitu gani. Ukiandika /taarifa/mwanachama, rekodi ni mwanachama. Ukiandika /taarifa/mwanachama/miamala/muamala, rekodi ni muamala, na mwanachama unamfikia kwa kurudi juu kwa nukta mbili mbili.

Lakini kabla ya kufika huko, faili lilikataa hata kufunguka. Mkosaji wa kwanza alikuwa alama ya "&". Kuna vikundi vya akina mama vilivyosajiliwa kwa majina ya mtindo wa "Fulani & Wanawe", na XML haiivumilii alama hiyo ikiwa uchi; lazima iandikwe &. Mfumo wao uliiandika vivyo hivyo ilivyochapwa. Nikazibadilisha.

Wa pili alinipotezea usiku mzima. Kisomaji kilikuwa kinasimama mstari uleule kila mara, kikilalamikia baiti isiyo halali ya UTF-8 (utaratibu wa kompyuta wa kuhifadhi herufi). Mstari wenyewe nikiutazama hauna tatizo lolote, jina la Kisukuma tu linaloanza na Ng'w. Nikaruka mstari huo, kikasimama kwenye jina lingine. Nalo la Ng'w. Ndipo nikaitazama ile ritifaa kwa makini: haikuwa ile iliyonyooka ya kibodi, ilikuwa ile iliyopinda ambayo Word hukuwekea bila kuuliza. Karani alinakili majina kutoka kwenye orodha zake za zamani. Faili lilijitangaza juu kabisa kuwa ni UTF-8, lakini kumbe ndani limeandikwa kwa Windows-1252, utaratibu mwingine wa herufi, na huko ritifaa iliyopinda ni baiti 92 ya heksadesimali, ambayo kwenye UTF-8 haiwezi kuanzisha herufi. Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja kwenye mstari wa kwanza, faili liseme ukweli kuhusu lenyewe. Usiku mzima kwa neno moja. Wasukuma wakapita.

Kiolezo cha kwanza nilikijenga kwa njia ninayoiona rahisi: rekodi ni muamala, nakusanya kwa namba ya mwanachama, na kwenye kundi naweka alama ya kuanza ukurasa mpya na kuanza upya namba za kurasa. Kikatoka vizuri kabisa. Jina juu, miamala chini, mwanachama mwingine ukurasa mwingine. Nilikuwa tayari nimeshamwandikia mama ujumbe wa "tayari" nilipoamua kuhesabu, kwa bahati tu, kwa sababu umeme wa LUKU ulikuwa umekwisha na sikuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri betri ya laptopu iishe. Walikuwa 1,287.

Wanachama 53 hawakuwepo. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilijicheka: hao ni watu ambao hawakuweka wala kukopa chochote mwaka mzima. Hisa wanazo, akiba ya zamani wanayo, lakini muamala hawana. Na mimi nilikwishaiambia programu kuwa rekodi ni muamala. Asiye na muamala hana rekodi, basi hana karatasi. Na hao ndio hasa ambao wangesimama mkutanoni kuuliza.

Kwa hiyo nikavunja na kuanza upya: rekodi iwe mwanachama, na miamala yake iwekwe kwenye ripoti ndogo ndani ya ripoti kubwa. Ripoti ndogo inahitaji chanzo chake cha data, na JasperReports inakupa namna mbili za kukitoa kwenye XML hiyohiyo. Moja inaitwa dataSource, nyingine subDataSource. Nikaandika ya kwanza. Nilijaribu na faili dogo la majaribio, lenye mwanachama mmoja, ambaye ni mimi mwenyewe na miamala ya kubuni. Ikatoka safi.

Nilipoweka faili zima, PDF ikaanza kuandikwa na haikwisha. Nilipoikatisha na kuongeza kikomo cha wanachama watatu, nikaona kwa nini. Mwanachama wa kwanza alikuwa na miamala yake pamoja na ya wengine wote. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Mama ntilie wa Mtaa wa Msimbazi alikuwa anasoma mkopo wa muuza vitenge wa Mtaa wa Congo na kila rejesho alilochelewesha.

Nilikaa kimya kidogo nikiiangalia. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, lakini nitasema kweli, wakati ule sikuwaza sheria. Niliwaza Kariakoo. Siri ya mkopo wa mtu ikitoka asubuhi, mchana imeshafika Gerezani.

Tofauti ya zile namna mbili ni hii. Ya kwanza inarudi kwenye mzizi wa faili zima na kutafuta kuanzia huko, haijali umesimama kwa mwanachama gani. Ya pili inakata tawi la mwanachama uliyesimama naye na kulifanya mti wa peke yake. Kwa hiyo ukiwa na mwanachama mmoja tu kwenye jaribio, zote mbili zinatoa jibu lilelile! Jaribio langu lilikuwa halipimi chochote. Siku hizi faili langu la majaribio lina watu watatu: mwenye miamala mingi ya kujaza kurasa mbili, mwenye mmoja, na asiye nao kabisa.

Nikabadilisha kwenda subDataSource, na kurasa zote zikawa tupu. Nilikuwa nimeacha njia ileile ndefu inayoanza na /taarifa. Lakini tawi likishakatwa halina tena taarifa juu yake, mwanachama ndiye mzizi. Njia sahihi inaanza na /mwanachama/miamala/muamala. Hapo ikakaa. Kwa wale 53 nikaweka bendi ya pasipo data yenye maneno "Hakuna muamala mwaka huu", kwa sababu usipoiweka ripoti ndogo inatoweka kimya na mtu anadhani karatasi yake imekatwa.

Tarakimu na tarehe zilikuwa na vurugu yake. Fedha ziliandikwa na koma, 1,250,000.00, na tarehe zikianza na siku. Unaiambia programu muundo wa vyote viwili kwa vigezo vya XML_NUMBER_PATTERN na XML_DATE_PATTERN. Nilisahau cha pili mara moja, nikakumbushwa.

Alhamisi nikaenda steshenari moja karibu na Mnazi Mmoja kuchapa. Ili kuokoa karatasi nikaomba pande mbili. Kijana wa pale alichapa kurasa ishirini za mwanzo, akazigeuza, akanitazama.

"Kaka, huyu nyuma yake ni mtu mwingine. Nikate vipi?"

Mwenye ukurasa mmoja alikuwa amebeba mgongoni ukurasa wa kwanza wa jirani yake. Tatizo lilelile la siri, sasa kwenye karatasi. Ningekuwa nimetumia Apache FOP, programu nyingine ya kutoa PDF kutoka XML, lugha yake ya XSL-FO ina sifa ya force-page-count inayolazimisha kurasa ziwe shufwa. Kwenye kiolezo changu sikuwa na kitu cha namna hiyo, na mkutano ni kesho kutwa.

Nikarudi nyumbani na kuandika kiprogramu kifupi cha Java. Kinapita wanachama mmoja mmoja, kinajaza ripoti kwa namba ya huyo tu, kinahesabu kurasa, zikiwa witiri kinaongeza mmoja mtupu, halafu mwishoni kinaunganisha zote kuwa PDF moja ya kuchapa. Wakati huohuo kinahifadhi PDF ya kila mtu kwa namba yake, za kutuma WhatsApp kwa watakaozitaka. Faida ambayo sikuitegemea: "Ukurasa 1 kati ya 2" ikawa sahihi kwenye kila taarifa, maana kila moja sasa ni ripoti kamili. Mara ya kwanza ilichukua dakika arobaini, kwa kuwa nilikuwa nafungua faili la XML na kukusanya (compile) kiolezo upya kwa kila mtu. Nilipofanya vyote viwili mara moja tu nje ya mzunguko unaopita wanachama, na kuipa ripoti ile hati iliyokwishasomwa kupitia XML_DATA_DOCUMENT, hazikufika dakika tatu.

Ijumaa jioni karatasi zilifika ofisini kwenye maboksi mawili. Mama mhazini alitafuta ya kwake kwanza, akaisoma yote huku kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Mwanangu, mbona hii rahisi tu? Kwa nini ilichukua wiki?"

Mwaka uliofuata aliyetengeneza mfumo alisasisha toleo bila kumwambia mtu. Nikaendesha kiprogramu kilekile, nikafungua PDF, na wanachama wote walikuwa na ukurasa mmoja mmoja ulioandikwa "Hakuna muamala mwaka huu". Sikuhangaika. Nilifungua XML moja kwa moja kutafuta jina jipya walilolipatia lile tawi.