Namba Yangu Kwenye Tangazo

Chini ya picha ya mtoto ziliandikwa namba mbili za simu, ya kituo cha polisi na yangu. Mama mdogo hakuwa katika hali ya kuzungumza na watu asiowajua, baba mdogo alikuwa safarini kikazi, na kati ya tuliokuwepo nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Afande aliyekuwa akiandika maelezo alinitazama akaniuliza kama simu yangu inakaa na chaji. Nikasema inakaa. Nikawa nimeshapewa kazi.

Mdogo wangu huyo, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka sita. Alikuwa akicheza nje na dada yake. Dada akaingia ndani kunywa maji, alipotoka hakumkuta. Tulizunguka kote tulikojua anapenda kwenda, kisha tukaenda polisi huku nikiwa na wasiwasi kwamba watatufukuza, maana nilikuwa nimesikia tangu utotoni kuwa ni lazima zipite saa 24 ndipo mtu ahesabiwe kuwa amepotea. Afande akanikata kauli. "Hayo mmeyatoa kwenye sinema. Mtoto wa miaka sita hasubiriwi hata dakika tano."

Wakaja nyumbani papo hapo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Utaratibu wao, kama nilivyoelezwa, ni kuanza pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho, na nyumba yenyewe hupekuliwa kwanza, hata kama wenyewe wameshaipekua. Mtoto mdogo anaweza kujificha kwa mchezo akapitiwa na usingizi mahali ambapo mtu mzima hawezi kupafikiria. Basi wakaangalia chini ya vitanda, ndani ya makabati, nyuma ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani. Wakafungua sanduku la nguo ambalo mimi ningeapa hata paka haingii. Kisha wakamhoji mama mdogo peke yake chumbani, na dada mtu peke yake sebuleni, na askari wa kike akiwa amekaa naye sakafuni.

Nje watu walikuwa wameshajaa. Hawakuelezwa utaratibu, waliona askari wakitoka na kuingia, na mlango wa chumbani ukifungwa. Kabla askari hawajamaliza, nikapokea ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi mwenyewe nilikuwemo: "Polisi wanapekua kwa mama wa mtoto. Amewekwa chumba cha peke yake. Kuna jambo hapa." Aliyeutuma alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Nilimwona akiandika.

Kabla ya kuondoka, afande alinifundisha mambo mawili ambayo hadi leo nayashukuru. La kwanza ni daftari: kila simu niandike saa, namba, na kile ambacho mpigaji amekiona kwa macho yake. "Kama hakuona, mshukuru, kata." La pili lilihusu viatu. Raba ya kushoto ya mtoto ilikuwa na kamba ya kijani, iliyochomolewa kwenye raba kuukuu ya dada yake, na ya kulia ilikuwa na kamba nyeupe. Kwenye tangazo tuliandika "raba nyeusi" tu. Kamba ya kijani ilibaki baina yetu na polisi, ili atakayeitaja tujue kwamba kweli amemwona.

Simu ya kwanza iliingia tangazo likiwa bado halijabandikwa hata kwenye nguzo moja. Alikuwa mwanamke, sauti ya upole kabisa.

"Samahani mwanangu, huyo mama yake ni mama mzazi?"

"Ndiyo."

"Ahaa," akasema, akakata.

Nilikaa na ile "ahaa" muda mrefu. Sikujua niiandike wapi kwenye daftari. Baadaye zikaja nyingi za aina hiyo, nikaacha kuziandika. Kuna aliyetaka kujua kama wazazi wanaelewana. Kuna aliyesema ameota, na mtoto yuko karibu na maji. Wa pili naye akaota maji, na wa tatu, mpaka nikaanza kuwauliza ni maji gani, ya mto au ya bomba. Kuna kijana aliyesema anaye mtoto, nitume pesa kwanza. Nilipomuuliza mtoto amevaa viatu gani, akasema ndala. Hao matapeli angalau walikuwa wepesi: swali moja tu, wanayeyuka. Wagumu walikuwa watu wema. Walipiga kutoa maoni, na walihesabu kuwa kutoa maoni ni kusaidia.

"Umeona kwa macho yako?"

"Hapana, lakini ukitumia akili..."

Huo ndio mwanzo wa sentensi niliyoisikia kuliko zote usiku ule.

Kilichowakera zaidi ni kwamba mama mdogo hakulia. Alikuwa amepigwa picha akiwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata, uso mkavu kabisa, na picha ile ikaenda mbali kuliko picha ya mtoto. Mimi niliyekuwa ndani najua alichokuwa akifanya: alikuwa akihesabu nguo za mtoto mojamoja kwenye kabati ili ajue kwa uhakika amevaa shati lipi, kwa sababu askari alimuuliza naye hakutaka kujibu kwa kukisia. Alizitoa zote, akazipanga kitandani, akazirudisha, akazitoa tena. Angelia saa ngapi?

Miaka baadaye nilisoma habari za Lindy Chamberlain wa Australia nikamkumbuka mama mdogo na uso wake ule. Agosti 1980, mtoto wake mchanga Azaria, wa wiki tisa tu, alichukuliwa kwenye hema walipokuwa wamepiga kambi karibu na mwamba wa Uluru. Mama alisema tangu dakika ya kwanza kwamba ni dingo, mbwa mwitu wa kule. Taifa zima likamtazama kwenye televisheni likaona halii vya kutosha. Wataalamu wakasema wamekuta damu ya mtoto ndani ya gari. Baadaye ikaonekana kuwa sehemu kubwa ya hiyo "damu" ilikuwa kemikali inayopuliziwa kiwandani kupunguza kelele za gari. Oktoba 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha akiwa mjamzito. Aliachiwa mwaka 1986 baada ya koti dogo la mtoto kupatikana karibu na mapango ya dingo, hukumu ikafutwa 1988, na ni mwaka 2012 tu ndipo ilipoandikwa rasmi kwamba mtoto aliuawa na dingo. Miaka 32, na chanzo chake kikubwa ni uso.

Kwetu, asubuhi ya pili, kukaongezeka gari jeupe.

Gari hilo nililifuatilia baadaye nikajua lilikotoka. Mtu mzima mmoja aliwauliza watoto waliokuwa wakicheza jirani: "Hamkuona gari lolote likipita?" Mtoto ukimuuliza hivyo atakupa gari. Mmoja akasema aliona jeupe. Kufikia saa nne lilikuwa na vioo vyeusi. Kufikia saa tano lilikuwa na dereva mwanamume na kikongwe amekaa nyuma, ambaye kazi yake ni kuwabembeleza watoto.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa na gari jeupe. Alikuwa amekesha nasi akitafuta, tochi yake ndiyo iliyokuwa na mwanga kuliko zote, na hilo nalo likageuka ushahidi: mbona anahangaika hivyo na mtoto si wake? Walilizunguka gari lake akiwa ndani. Jiwe la kwanza lilivunja taa ya nyuma. Polisi walimwondoa pale kumwokoa, lakini kwa macho ya watu alikuwa amekamatwa, na simu yangu ikafurika pongezi. Sijui nizieleze vipi zile pongezi. Watu walinipongeza, mtoto akiwa bado hajaonekana.

Hata nilipokuja kusoma kesi ya Madeleine McCann, mtoto wa Kiingereza aliyepotea Ureno Mei 2007, jina lililonishika lilikuwa la Robert Murat, mkazi wa jirani na hoteli iliyofikia familia ya mtoto, aliyejitolea kuwatafsiria polisi. Bidii yake ikamgeuza mshukiwa. Mwaka uliofuata magazeti 11 ya Uingereza yalimwomba radhi na kumlipa pauni 600,000. Jirani yetu alilipwa taa ya gari, na aliyelipa ni baba mdogo.

Jioni ya siku hiyo akanipigia msichana, mwanafunzi, akizungumza kama mtu aliyejifunika shuka.

"Samahani kaka, labda si yeye. Mimi niliona mtoto anapanda basi jana mchana. Lakini wanasema alichukuliwa na gari jeupe, kwa hiyo nikajua ni mwingine."

"Uliona kwa macho yako?"

"Ndiyo. Nilikuwa kituoni. Alipanda nyuma ya mama mmoja mwenye mizigo, nikadhani ni wake."

"Alivaa viatu gani?"

"Raba. Nilizitazama kwa sababu kamba hazifanani. Moja ya kijani."

Nilisimama. Nilimwomba arudie. Akarudia, akauliza kama amekosea kupiga. Alikuwa na habari ile tangu jana yake, na alipouona ujumbe wa kwanza wenye picha alitaka kupiga, kisha ujumbe wa gari ukamfikia akanyamaza. Namba ya kwenye tangazo bado alikuwa nayo. Hofu yake ilikuwa kwamba ataonekana anamtetea mtu wa gari jeupe.

Mimi nasema wazi: nimesamehe walio wengi, lakini hili la msichana bado linanikera. Kumsingizia mama mdogo kulimuumiza mama mdogo. Lile gari lilimficha mtoto. Kila aliyelisambaza aliwanyamazisha watu walioona kitu kidogo cha kweli ambacho hakikulingana na hadithi.

Polisi wakaelekea mwisho wa njia ya lile basi. Dereva alikumbuka kwamba mtoto mmoja alibaki kwenye kiti abiria wote walipokwisha kushuka, akamshusha akidhani wenyewe wako nje. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kumfuata baba yake. Alijua baba huondoka kwa basi, basi hilo hapo, tatizo liko wapi? Kwa hesabu za miaka sita, safari yake haikuwa na kasoro.

Usiku simu ikaita tena. Mvulana mdogo, akinong'ona. "Bibi yangu anaye mtoto, lakini anaogopa kutoka naye."

Bibi huyo alimkuta mtoto amekaa peke yake stendi jua likizama, akamchukua kwake, akampa pa kulala, akipanga asubuhi ampeleke polisi. Asubuhi ilipofika alisikia majirani zake wakizungumza habari za kikongwe anayeiba watoto. Akajitazama. Atatokaje barabarani akiwa amemshika mkono mtoto asiye wake, mtoto ambaye kila akiulizwa anasema anamtaka baba? Akafunga mlango. Alikaa na hofu hiyo mchana kutwa, hadi mjukuu wake alipoisoma namba yangu kwenye simu ya mtu.

Wapo waliocheka niliposimulia hivyo, wakasema bibi alikuza mambo. Agosti 2018, katika mji wa Acatlán nchini Mexico, wanaume wawili wa familia moja walipigwa na kuchomwa moto mbele ya kituo cha polisi kwa sababu ujumbe wa WhatsApp ulisema kuna watekaji watoto. Hawakuwa wameteka mtoto yeyote. Watu waliokuwepo walirekodi, wengine wakarusha moja kwa moja mtandaoni. Bibi alikuwa na akili kuliko sisi sote.

Afande aliwatuma askari wawili bila sare, gari bila alama, na mama mdogo akakaa katikati. Mimi nilibaki nyumbani na simu. Nilisikia tu, kupitia simu ya askari iliyoachwa wazi, mtoto akiuliza kama baba amefika, na mama mdogo akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Hapakuwa na mpiga picha.

Ukafikiri yataishia hapo. Kesho yake kukaja jipya: eti mama alimficha mwenyewe ili achangiwe. Hakukuwa na mchango wowote, hakuna aliyetoa senti, lakini watu walitaja hata kiasi tulichopokea. Jirani wa gari jeupe alihama kabla ya mwezi kuisha. Alituaga nyumba yetu tu.

Kati ya wote waliopiga kulaumu, alirudi mmoja. Alikuwa mwanamume mtu mzima, mwenye adabu, akasema dhamiri inamsuta na anataka kumwomba radhi mama wa mtoto mwenyewe. Nikampa mama mdogo simu. Akasikiliza, akaitikia "nimekusamehe kaka yangu," mara moja, mara mbili. Kisha nikamwona amenyamaza, kipaji cha uso kimekunjamana, akaibonyeza simu ikawa kwenye spika ili nami nisikie.

"...maana mimi bado najiuliza, dada. Mtoto wa miaka sita apande basi mwenyewe tu? Kweli hakuna mtu aliyemtuma?"

Mama mdogo akanirudishia simu. "Mfungie namba huyo," akasema, akaenda kuwaogesha watoto.