Jinsi nilivyohesabu miale ya angani juu ya Ziwa Kivu

Nafundisha fizikia hapa Goma. Kwa miaka mingi nilitamani wanafunzi wangu wa mwaka wa sita washuhudie wenyewe miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa zitokazo angani, wasiiamini tu kwa sababu imeandikwa ubaoni.

Nilipopata kihesabu mionzi cha Gaiga nilikiweka uani. Kililia bila kupumzika! Wanafunzi wakashangilia, mimi nikabaki na wasiwasi. Hapa kwetu tunakanyaga lava tupu; barabara na kuta ni mawe ya Nyiragongo, nayo yana potasiamu, pamoja na urani na thori kidogo, ambazo nazo hutoa mionzi. Mlio upi ulitoka juu, na upi chini ya viatu vyetu?

Jumapili moja nikakodi mtumbwi wa mvuvi wa sambaza. Tulipoiacha pwani mbali, milio ikapungua waziwazi.

"Prof, mashini yako imechoka," mvuvi akaniambia.

Haikuchoka. Maji yalikuwa yameyaziba mawe, na sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa ya angani. Nilifurahi mno. Mwaka 1911 mwanafizikia Domenico Pacini alitumia bahari ya Livorno kwa kazi hiyohiyo, na mwaka uliofuata mwanafizikia mwenzake Victor Hess akapanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akakuta mionzi inaongezeka.

Baadaye fundi wa redio alinisaidia kuunganisha mirija miwili ya Gaiga, mmoja juu ya mwingine, ihesabu pale tu yote miwili inapoguswa kwa pamoja. Tulipoilaza ubavu, hesabu ikashuka. Basi miale mingi ilitoka juu.

Niliwaambia kwamba baadhi ya miale hiyo ni viini vya atomi, hata vya chuma. "Na viini vya chuma, Prof, vinatufikia?" msichana mmoja akauliza.

Havifiki. Hugonga hewa juu kabisa vikavunjika. Sisi hupata masalia, hasa muoni, chembe ndogo zinazozaliwa na migongano hiyo, kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Ndiyo maana puto la CREAM, lililobeba vifaa vya kupima viini hivyo, lilirushwa kutoka McMurdo, Antaktika, likapaa karibu kilomita 40, ambako hewa iliyosalia juu haifiki asilimia 1. Safari yake ya kwanza, ya 2004 hadi 2005, ilidumu siku 42. Kiini kikipita kwenye plastiki maalumu huacha mwanga, na mwanga huo hukua kwa mraba wa chaji yake. Protoni, yenye chaji 1, ni 1, kaboni, yenye chaji 6, ni 36, na chuma, chenye chaji 26, ni 676, mwendo ukiwa sawa.

Nilichora nukta moja ya chaki, kisha 36. Zile 676 walizichora wao, kwa zamu, mpaka ubao ukajaa.