Viwanja vya ndege mimi navipima kwa viti

Kila mwaka hutoka orodha ya viwanja bora vya ndege duniani, na majina ya juu hayabadiliki sana: Doha, Singapore, Tokyo. Doha ilishika namba moja kwenye orodha ya Skytrax, kampuni inayopanga viwanja kwa kura za abiria, mwaka 2021, 2022 na 2024. Sibishi. Ila huwa najiuliza hao wanaopiga kura walifika pale saa ngapi, na mkononi walikuwa na tikiti ya namna gani. Sisi wabeba boksi, wafanya vibarua wa ughaibuni, tunakata tikiti ya bei ya chini, na tikiti ya bei ya chini inakushusha njiani saa nane usiku, inakuacha hapo mpaka kupambazuke. Saa hizo duka la manukato halinihusu. Nataka benchi lisilogawanywa kwa vyuma, maji ya kunywa ya bure, na choo kisicho mbali.

Kwa kipimo hicho Doha inastahili sifa, japo si kwa yale yanayosifiwa na wengi. Watu wanakimbilia ile sanamu ya dubu wa manjano aliyechomekwa taa kichwani, au bustani ya ndani iliyofunguliwa 2022, mwaka wa Kombe la Dunia. Piga picha, hakuna neno. Ukimaliza, tafuta vyumba vya kupumzikia, wanaume kwao, wanawake kwao, vyenye viti vya kujilaza. Fika mapema, maana vinajaa. Na chai usinunue kama bado unabadilisha bei kichwani kwenda shilingi.

Istanbul sitaiongelea sana. Walihama kutoka kiwanja cha zamani cha Atatürk Aprili 2019 wakaenda kwenye kiwanja kipya kikubwa mno, dari iko juu, sakafu inang'aa, na wewe unatembea tu. Kijana mwenye begi la mgongoni ataipenda. Mtu mwenye mtoto begani na mwingine anayelia mkononi atanielewa.

Addis je? Najua tunapenda kuiponda. Bole, kiwanja chao, waliipanua wakafungua jengo jipya 2019, na bado ndege kutoka pande zote za Afrika zikitua kwa mkupuo mmoja watu wanabanana kweli, wengine wamejilaza chini kichwa juu ya begi. Lakini safari yangu yote, pale ndipo siulizwi kwa macho nimetoka wapi. Nyuma yako kuna wafanyabiashara wa Kariakoo wanatoka Guangzhou wakibishana habari ya kontena, mbele yako mama wa Lubumbashi, pembeni vijana wa Kirundi wanaokwenda kusoma, na Kiswahili cha kila lahaja kinapita hewani. Mtu anakusogezea begi lake upate pa kukaa kabla hujaomba. Wahabeshi nao saa wanaihesabu kama sisi, kuanzia alfajiri, ila mbao za ratiba ya ndege zinafuata saa za kizungu, kwa hiyo angalia usije ukaachwa. Halafu beba sweta. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na aliyetoka Dar na fulana atatetemeka hadi asubuhi. Wana mpango wa kiwanja kipya kabisa karibu na Bishoftu. Huko waweke mabenchi, jamani. Mengi.

Kuna kiwanja kimoja cha Ulaya, jina naliacha, ambako wenye pasipoti za Afrika tulitolewa pembeni mlangoni mwa ndege, tukasimama huku wenzetu wote wakipita, karatasi zetu zikikaguliwa moja moja. Mzee mmoja aliomba kiti. Hakikuwepo. Usafi wa kile kiwanja siwezi kuukumbuka hata kidogo.

Schiphol, kiwanja cha Amsterdam, ndiyo ya kwangu, kwa kuwa naishi Den Haag, kama nusu saa kwa treni, na stesheni iko chini ya jengo lenyewe. Pale zamani palikuwa ziwa. Waholanzi walilikausha, wakamaliza 1852, ndiyo maana unatua chini ya usawa wa bahari. Ndege ikipangiwa kutua njia ya Polderbaan, iliyo mbali kuliko zote, itatambaa ardhini mpaka watoto waulize kama tunakwenda Dar kwa barabara. Mwaka 2022, Korona ilipopungua na wafanyakazi hawatoshi, foleni zilitoka nje hadi kwenye mahema, dunia nzima ikaona. Hata hivyo ina kitu ninachokionea wivu: ukumbi wa kupokelea wageni uko wazi kwa kila mtu. Hakuna anayekuuliza tikiti. Waholanzi wanaingia na maputo na vitambaa vilivyoandikwa "karibu nyumbani", wanakaa, wanakunywa kahawa, wanasubiri.

Sasa tazama kwetu, tunaojua kusindikiza kuliko watu wote hawa. Nairobi kwa miaka mingi abiria wamekuwa wakishushwa garini kabla ya kufika jengoni, wakipita kwenye ukaguzi kwa miguu, gari likiwafuata. Sababu za usalama zinaeleweka na sina ugomvi nazo. Dar tuna Jengo la Tatu, lilizinduliwa Agosti 2019, linaweza kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka, na ndani linapendeza, nasema kwa fahari. Lakini moyo wangu bado uko Jengo la Pili la 1984, alilolichora Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora jengo la kwanza la Charles de Gaulle kule Paris. Lile paa lake la miti ya zege lilichorwa na mtu aliyejua kwamba Dar kuna joto. Nikipanda ndege ya Mwanza huwa napita pale taratibu makusudi.

Tatizo ni mlangoni. Anayesafiri ni mmoja, waliokuja naye ni gari la Noah zima: shangazi, watoto, na jirani aliyefuata kuona ndege. Askari anataka tikiti na pasipoti, basi, kuagana kunafanyika nje, mabegi yamefunguliwa chini, dagaa wanahamishwa toka begi hili kwenda lile kwa sababu kilo 23 ni 23. Mimi ningeweka mizani ya bure hapo nje, watu wapime kabla ya kuingia na kuaibishwa kaunta. Ningeongeza kivuli. Na viti, vingi kuliko vya ndani, kwa sababu walio nje ndio wengi.

Mama yangu miguu inamsumbua, na hataki kusikia habari ya kuagana nyumbani. Desemba hii namwekea kiti cha plastiki nyuma ya Noah. Askari akiuliza, nitamwambia ni mzigo wa mkononi.