Pingi 700

Mwaka 2009, mtaani kwetu Sinza, Dar es Salaam, kulikuwa na intaneti kafe yenye dishi la setilaiti juu ya bati. Pale ndipo nilipojifunza Counter-Strike 1.6, mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi. Tukicheza wenyewe kwa wenyewe mle ndani, mchezo ulikuwa mtelezo. Lakini mimi nilitaka kupimana na Wazungu, na seva pekee, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, isiyotufukuza kwa laini yetu nzito ilikuwa Ujerumani. Ukibonyeza Tab, mbele ya jina langu palisomeka 700.

Hiyo ndiyo pingi: milisekunde ambazo amri yangu ilichukua kufika kwenye seva na jibu kunirudia. Setilaiti ile hukaa juu kilomita 36,000 hivi. Amri ya kidole changu ilipanda ikashuka, jibu nalo likapanda likashuka, na hapo karibu nusu sekunde imeshaliwa na safari tupu.

Kituo changu kilikuwa kwenye ramani ya Dust2, pale milango ya kati inapoacha upenyo mwembamba. Nilishika AWP, bunduki ya mdunguzi yenye darubini, nikimsubiri adui akatize. Seva ya mchezo ule ina huruma: ukifyatua, inawarudisha wachezaji nyuma hadi pale ulipowaona wewe, ndipo inapima kama umempata mtu. Ila huruma hiyo iliishia nusu sekunde. Milisekunde 200 zilizobaki zilikuwa mzigo wangu, na kwa mtu anayekimbia, huo ni mwendo unaozidi upana wa mwili wake. Basi nikawa nalenga hewa. Likitokeza bega tu, nafyatua mbele ya pua yake. Mlio nausikia papo hapo, mtu anaanguka baadaye. Waliokufa waliandika kwamba walikuwa wameshapita mlango, na kwenye skrini zao ilikuwa kweli kabisa. Wakasema tunatumia programu za wizi. Iliniuma sana, maana ile shabaha niliitolea jasho miezi mingi.

Julai mwaka huohuo SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukaanza kazi. Kafe yetu ilipounganishwa nao, nilikaa kiti kilekile, nikabonyeza Tab: 210. Nikabonyeza tena. 210.

Adui akakatiza, nikafyatua, nikakosa. Wa pili nikakosa. Risasi zote zilitoboa mlango hatua moja mbele yake, na yeye akapita salama nyuma ya risasi hizo. Nilisukuma mausi pembeni, machozi yakinilenga.

Kaka mwenye kafe alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

“Dogo, unamlenga nani?”

“Namlenga yeye, kaka.”

“Hapana. Unalenga anakokwenda. Sasa hivi mpige yeye mwenyewe.”

Kichwa kilielewa, mkono ukagoma. Raundi baada ya raundi ulikuwa unaniponyoka kwenda mbele, kulekule ulikozoea. Mwishowe niliukandamiza kwenye meza, nikaacha msalaba wa darubini utulie kwenye upenyo, na kifua kilipoufikia, nikafyatua.

Akaanguka. Nikatazama maandishi ya chini nikisubiri lile lalamiko. Halikuja.